Kupunguzwa tumbo hospitali: nini hasa kinafanyika na kwa nini njaa inaondoka

Mtaani ukisema fulani "kapunguzwa tumbo" kila mtu anaelewa chake, maana hayo maneno yamebeba vitu vitatu ambavyo havina undugu kabisa, na ukivichanganya unaweza kulipa mamilioni kwa kitu ambacho hakigusi ugonjwa wako hata kidogo. Tuvitenganishe kwanza alafu ndo tuingie kwenye opresheni yenyewe.

Cha kwanza ni kunyonywa mafuta, yani liposaksheni. Daktari anaingiza mrija chini ya ngozi anavuta mafuta ya kiunoni, mapajani, mgongoni. Huo ni urembo, siyo tiba ya unene. Mafuta yanayovutwa ni yale ya chini ya ngozi, wakati yale yanayoleta balaa zaidi la sukari na presha ni yaliyojificha ndani yamezunguka utumbo na ini, na huko mrija haufiki. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya wanawake 15 wanene, kabla na baada ya kunyonywa mafuta karibu kilo 10 kila mmoja, viuno vilipungua sawa ila insulini, presha na mafuta ya kwenye damu vikabaki vilevile. Kwa hiyo mwenye kisukari akienda kunyonywa mafuta akitegemea sukari ishuke, hela yake imeenda kwenye nguo kumkaa vizuri tu.

Cha pili ni puto. Tanzania hili limesikika sana kwa sababu hospitali ya Muhimbili Mloganzila, Dar, wanaliweka. Ni puto la silikoni, linaingizwa kwa mdomo huku kamera ya tumbo ikimwongoza daktari, likishafika linajazwa maji ya chumvi kama nusu lita hivi, linakaa miezi 6, aina nyingine mpaka mwaka, alafu linatolewa. Hakuna kisu. Wiki ya kwanza ni kichefuchefu na kutapika, baadae tumbo linazoea. Linasaidia kwa kiasi, ila likishatolewa hakuna kilichobadilika ndani, na wengi kilo zinarudi taratibu. Mimi naliona linamfaa mtu anayehitaji kupungua kidogo, au yule mzito sana ambaye inabidi ashuke kwanza ili nusu kaputi isiwe hatari kwake.

Cha tatu ndo upasuaji wenyewe wa kupunguza uzito, ule wa kukata au kupindisha njia ya chakula, na huo ndo watu wanausema vibaya kuliko vyote. Utasikia "kafungwa tumbo ili asile", "kakata utumbo kwa uvivu wa mazoezi", "si angeacha tu chipsi". Nataka nionyeshe kwa nini hayo yote yanakosea, maana opresheni hii haifanyi kazi kwa kumbana mtu asile. Ingekuwa hivyo watu wangeishi na njaa kali maisha yao yote, na wala hawaishi hivyo.

Tuanze na nani anahusika. Hospitali wanatumia BMI, unachukua kilo zako unagawa kwa urefu wako kwa mita, alafu unagawa tena kwa urefu huohuo. Mtu wa mita 1.65 mwenye kilo 109 anapata 40. Akiwa na kilo 95 na ushee anapata 35. Kipimo hiki kina kasoro zake, mtu wa gym mwenye misuli anaweza kuonekana mnene wakati siyo, ila kwenye 40 huko utata unakuwa mdogo sana. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walikaa wakakubaliana opresheni ni ya mwenye BMI 40 kwenda juu, au 35 kama tayari ana ugonjwa unaotokana na unene kama kisukari, presha au kukatika pumzi usingizini. Sheria hiyo ikatumika dunia nzima zaidi ya miaka 30. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa opresheni hizi vikaishusha, sasa hivi wanasema 35 inatosha hata kama huna ugonjwa mwingine, na mwenye kisukari aina ya pili afikiriwe hata akiwa na 30. Huyo wa 30 wala mtaani hamumuiti mnene, mnamuita mama mwenye afya.

Na hapo ndo pana mtihani wetu wa kijamii. Huku kwetu kunenepa bado ni ushahidi kwamba maisha yamekaa vizuri, mume anatunza, kazi ipo. Alafu mtu akianza kupungua watu wanaulizana pembeni "huyu anaumwa nini", na miaka ile ya ukimwi kabla dawa hazijaenea imeacha alama, mtu anaogopa kukonda kuliko anavyoogopa presha. Nawajua watu ambao wamepungua kwa juhudi kubwa wakaishia kuulizwa na mashangazi kama wameshapima.

Sasa kwa nini asiache tu chipsi? Profesa Mohamed Janabi alipokuwa anaongoza Muhimbili klipu zake za kula kidogo zilizunguka kila simu, na kwa mtu aliyezidi kilo chache ushauri ule uko sawa kabisa. Tatizo ni kwamba mwili wa mtu aliyefika kilo 130 na kukaa nazo miaka unazichukulia hizo kilo 130 kuwa ndo uzito halali, unazilinda. Akipunguza kula, mwili hautulii, unaongeza homoni za njaa, unapunguza zile za kushiba, na unaanza kubana matumizi ya nguvu hata akiwa amekaa.

Hili lilipimwa vizuri kwa washiriki 14 wa shindano moja la televisheni la Marekani la kupungua uzito, wale wanaofanya mazoezi mpaka wanatapika. Walipungua wastani wa kilo 58. Miaka 6 baadae wakapimwa tena, majibu yakatoka 2016, wastani wa kilo 41 zimerudi, na kubwa kuliko ni kwamba miili yao ilikuwa bado inachoma kalori kama 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotakiwa kwa mtu wa umri na uzito ule. Kalori 500 ni sahani nzuri tu ya wali maharage. Yani huyo mtu ili abaki pale alipo inabidi kila siku aikose hiyo sahani ambayo mwenzake wa kilo zilezile anakula na haimfanyi kitu, na huku njaa inampiga kuliko mwenzake. Ukimuita huyo mvivu utakuwa humtendei haki.

Opresheni ilianza bila mtu yeyote kujua hayo ya homoni. Mwaka 1954 madaktari wa Minnesota waliandika juu ya kuunganisha mwanzo wa utumbo mdogo na mwisho wake, sehemu kubwa ya katikati ikarukwa, wazo likiwa rahisi tu kwamba chakula kipite haraka kisinyonywe. Watu walipungua kweli, ila waliharisha mno, wakapata mawe ya figo, wengine ini likafa, na aina hiyo ikaja kuachwa kabisa. Sifa mbaya ya opresheni hizi kwa kiasi kikubwa inatoka enzi hizo, na kuna watu mpaka leo wanaisimulia kana kwamba ndo inayofanyika.

Kilichofungua njia ni vidonda vya tumbo. Zamani kabla ya dawa za kisasa mtu mwenye vidonda sugu alikatwa sehemu ya tumbo, na Edward Mason, daktari wa upasuaji Chuo Kikuu cha Iowa, aliona kwamba wagonjwa hao wanapungua na hawanenepi tena. Mwaka 1966 yeye na mwenzake Chikashi Ito wakaanza kuifanya kwa makusudi kwa watu wanene, ndo baipasi ya tumbo ikazaliwa. Toka hapo imeboreshwa sana, na kuanzia miaka ya 1990 inafanyika kwa matundu madogo matano sita na kamera, siyo kupasuliwa kifua mpaka kitovu.

Leo kuna aina mbili zinazotawala. Ya kwanza wanaiita slivu. Tumbo la chakula linakatwa kwa urefu kwa mashine inayokata na kubana pini papo hapo, karibu robo tatu mpaka asilimia 80 inatolewa nje moja kwa moja, kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Utumbo haujaguswa. Hii awali haikuwa opresheni inayojitegemea, ilikuwa hatua ya kwanza kwa wagonjwa wazito mno ambao madaktari waliogopa kuwafanyia opresheni ndefu kwa mkupuo mmoja, walitaka wapungue kwanza alafu warudi hatua ya pili. Wengi wakapungua vya kutosha kwa hiyo ya kwanza tu. Sasa hivi ndo inayofanyika zaidi kuliko zote duniani.

Ya pili ni baipasi. Sehemu ya juu kabisa ya tumbo inatenganishwa inakuwa kifuko cha kama mililita 30, yani vijiko viwili vya mezani. Alafu utumbo mdogo unakatwa chini kidogo, ncha moja inavutwa juu inaunganishwa na hicho kifuko, kwa hiyo chakula kinaruka tumbo lote kubwa pamoja na mwanzo wa utumbo. Tumbo lililorukwa halitolewi, linabaki ndani linaendelea kutoa juisi zake ambazo zinakutana na chakula mbele huko. Pale njia ya chakula na njia ya juisi zinapokutana panakuwa na umbo la herufi Y, na mshono huo unabeba jina la César Roux, daktari wa Uswisi aliyeutumia zamani kwa matatizo mengine ya tumbo.

Kwa kupungua, mwaka wa kwanza mpaka wa pili slivu inashusha kama robo ya uzito wote, baipasi karibu asilimia 30. Mtu wa kilo 130 hapo anazungumzia kilo 32 mpaka 39. Hatoki kilo 130 akawa 60 kama picha za kwenye simu zinavyodanganya, wengi wanaishia bado na mwili, ila mwili tofauti sana kiafya. Kulikuwa na aina ya tatu, ule mkanda wa kubana tumbo kwa juu, Marekani uliruhusiwa 2001 ukavuma kweli, na sasa umeachwa karibu kote. Nautaja kwa sababu unathibitisha hoja yangu. Mkanda ulikuwa unabana tu, haukugusa homoni, na matokeo yake yakawa dhaifu kuliko wenzake, wengi wakarudi kuutoa.

Kwa hiyo slivu na baipasi zinafanya nini cha ziada? Mwaka 1999 Wajapani waligundua homoni inaitwa grelini, inatengenezwa zaidi sehemu ya juu ya tumbo, ndo inayopanda kabla ya msosi na kukufanya uwaze chakula. Kwenye slivu ile sehemu inayoitengeneza ndo hasa inatupwa. Mtu aliyekuwa anaamka saa nane usiku kutafuta mkate anashangaa anapitisha saa sita mchana hajakumbuka kula. Alafu upande mwingine, chakula kinapofika haraka kwenye utumbo mdogo wa mbele, hasa kwa baipasi, utumbo unamwaga homoni za kushiba, maarufu ni GLP-1, zinapeleka taarifa kwenye ubongo kwamba imetosha na wakati huohuo zinaiamsha kongosho itoe insulini. Ladha nazo zinabadilika kwa wengi, soda inawachefua, mafuta mengi yanawachukiza. Kwa ufupi ule uzito ambao mwili ulikuwa unaulinda unashushwa. Kwa hiyo kilichofanyiwa kazi zaidi ni mazungumzo kati ya tumbo na ubongo, udogo wa tumbo ni sehemu tu ya habari.

Hapo sasa unaelewa maajabu ya kisukari. Mwaka 1995 Walter Pories na wenzake wa North Carolina walitoa ripoti yenye kichwa cha habari kinachoonyesha na wao walishangaa, kwamba opresheni imetokea kuwa tiba yenye nguvu kuliko zote kwa kisukari cha ukubwani. Sukari ilikuwa inashuka ndani ya siku chache, mgonjwa hajapungua hata kilo tano. Watu wakabisha, wakataka utafiti ambao wagonjwa wanagawanywa kwa bahati nasibu, nani apate opresheni nani apate dawa. Hospitali ya Cleveland Clinic ikafanya kwa wagonjwa 150 wa kisukari, na baada ya miaka 5 waliofikia asilimia 6 au chini kwenye kile kipimo cha damu cha wastani wa sukari wa miezi 3 walikuwa asilimia 29 kwa baipasi, 23 kwa slivu, na 5 kwa dawa peke yake. Angalia namba hizo vizuri lakini. Opresheni imeshinda kwa mbali, ila bado watu 7 kati ya 10 hawakufika pale. Anayekuambia opresheni inafuta kisukari anakuuzia kitu.

Wasweden ndo wamefuatilia muda mrefu kuliko wote. Utafiti wao ulianza 1987, watu elfu nne na kidogo, nusu wakapasuliwa na nusu wakapata matibabu ya kawaida. Kati ya waliopasuliwa wakiwa na kisukari, miaka 2 baadae asilimia 72 hawakuwa nacho, ila miaka 15 baadae waliobaki hivyo ni asilimia 30. Kwa hiyo kinarudi kwa wengi, ingawa hata hiyo miaka ya katikati bila sukari kali ina faida kwa figo na macho. Na kuishi je, mwaka 2020 walitoa hesabu, waliopasuliwa waliishi kama miaka 3 zaidi ya wanene wenzao wasiopasuliwa, lakini bado miaka 5 na nusu pungufu ya watu wa kawaida. Hesabu hiyo naipenda kwa sababu haimpambi mtu.

Hatari sasa. Kufa ndani ya mwezi wa kwanza, kwenye vituo vyenye uzoefu, ni mtu mmoja mpaka watatu kwa kila 1,000, iko jirani na opresheni ya kutoa mfuko wa nyongo ambayo watu wanafanya bila kuaga ukoo. Ila hiyo "vyenye uzoefu" usiiruke. Kinachoua ni hasa viwili, mshono kuvuja na damu kuganda mguuni bonge likapanda mapafuni. Kuvuja kunakuja siku au wiki za mwanzo, mapigo ya moyo yanakimbia, homa, maumivu ya tumbo au bega la kushoto, na mtu mnene tumbo lake halikazi waziwazi kama la mwembamba, daktari asiyejua anaweza akakupa panado akakurudisha nyumbani. Mapigo yakikimbia bila sababu siku hizo rudi kwa waliokupasua, usisubiri asubuhi.

Hayo ni ya mwanzo. Ya baadae ndo mengi, na ndo huwa hayasemwi wakati wa kulipia.

Slivu inaongeza kiungulia, wengine mpaka inabidi wageuziwe kuwa baipasi, kwa hiyo mwenye kiungulia kikali toka awali asikimbilie slivu. Baipasi yenyewe ina tatizo na vitu vya sukari, ukinywa soda au juisi ya miwa chakula kinadondoka utumboni kwa kasi, jasho linakutoka, moyo unadunda, tumbo linakata, unatamani ulale chini. Kilo zikishuka haraka mawe ya nyongo yanajitengeneza, ndo maana hospitali nyingi wanakupa dawa ya kuzuia kwa miezi 6. Nywele zinapukutika mwezi wa tatu mpaka wa sita hivi, zinarudi kwa wengi, ila hakuna anayekuonya kwamba utaziona zimejaa kwenye kitana. Ngozi inaning'inia, na kuikata ni opresheni nyingine kwa bei nyingine. Pombe kwa aliyefanyiwa baipasi inapanda haraka na inakaa, bia moja inafanya kazi ya mbili au tatu, na utafiti umeonyesha baadhi ya watu wanaangukia ulevi miaka ya baadae. Wengine chakula kilikuwa ndo kimbilio la huzuni, kikiondoka huzuni inabaki peke yake, na visa vya kujiumiza vinaongezeka kidogo kwa waliopasuliwa, kwa hiyo yule mwanasaikolojia kabla ya opresheni hajawekwa pale kukupotezea muda.

Na kuna dawa za maumivu. Diklofenaki, brufeni, zile ambazo kwetu unanunua duka lolote la dawa bila kuulizwa. Mwenye baipasi akizimeza mara kwa mara anapata kidonda pale kwenye mshono, kinaweza kutoboka au kutoa damu. Sigara nayo hivyohivyo. Mgongo ukiuma ni panado, na kila duka na kila zahanati utakayoingia maisha yako yote inabidi useme mwenyewe, maana kwenye tumbo kuna vikovu vidogo tu, hakuna atakayekisia.

Vitamini ndo mzigo mkubwa kuliko yote. Madini ya chuma yananyonywa zaidi pale mwanzo wa utumbo ambapo baipasi imeparuka, B12 inahitaji vitu vinavyotoka tumboni, kalsiamu na vitamini D navyo vinashuka. Kwa hiyo vidonge kila siku, maisha yote, na damu inapimwa mara kadhaa mwaka wa kwanza alafu kila mwaka. Mwanamke anayeona siku zake, anaishi kwenye malaria, chai ya rangi anashushia na chakula, huyo upungufu wa damu unamnyemelea upesi kuliko Msweden wa kwenye utafiti, na chai peke yake inazuia chuma kunyonywa, bora ainywe mbali na msosi. Wengi wanameza mwaka mmoja, wakijiona wako fiti wanaacha. B12 inachukua miaka kuisha kwenye akiba, ikija kuisha miguu inakufa ganzi na hakuna anayekumbuka opresheni ile.

Moja naomba mlishike hata kama mtasahau mengine. Mtu aliyepasuliwa akitapika mfululizo kwa siku nyingi, vitamini B1 inaisha mwilini, na hiyo haina akiba kubwa. Anaanza kuchanganyikiwa, macho yanacheza, anatembea akipepesuka. Ukimpeleka zahanati cha kwanza watakachofikiria ni dripu ya glukosi ili apate nguvu, na glukosi ikitangulia kabla ya B1 inamalizia kile kidogo kilichobaki, ubongo unaweza kuumia moja kwa moja. B1 ya sindano kwanza, glukosi baadae.

Ndo maana swali la "opresheni inafanyika wapi" mimi naliona siyo kubwa sana. Nairobi inafanyika, Dar uwezo upo, wenye hela wanaenda India na Uturuki wanarudi baada ya wiki moja mbili wakiwa na picha nzuri. Waingereza nao wanaenda Uturuki kwa unafuu, na madaktari wa kwao wamelalamika sana kuhusu wanaorudi na mishono inayovuja, wengine wamefariki. Swali langu ni nani atakushika mwezi wa nne ukianza kutapika ukiwa Mbeya au Mombasa au Mwanza. Kabla hujalipa mtafute daktari wa nyumbani atakayekubali kukufuatilia, mwambie aandikiane na yule wa nje, omba ripoti ya opresheni iliyoandikwa kamili, aina gani na wamekata wapi, uitunze na vyeti vyako vya muhimu. Bima yako iulize kwa maandishi kama inalipia na matatizo ya baadae, siyo opresheni tu. Piga na hesabu ya vitamini na vipimo vya kila mwaka, kama hiyo huiwezi basi ujue opresheni yenyewe pia huiwezi.

Maandalizi nayo yana kazi. Kipimo cha kamera tumboni kutafuta vidonda na wale bakteria wa tumbo ambao kwetu wamejaa, kuacha sigara, kupimwa kukatika pumzi usingizini, na wiki kama mbili za chakula kidogo sana bila wanga mwingi ili ini lisinyae, maana ini lenye mafuta linaziba njia na daktari hapati pa kupita. Baada ya hapo ni maji kwa kijiko, supu iliyochujwa, mtindi na uji mwepesi, vya kusagwa, vya laini, mpaka baada ya mwezi na zaidi unakaribia chakula cha familia. Protini inatangulia siku zote, gramu 60 kwa siku au zaidi, yani samaki, mayai, maharage, dagaa ndo vinaanza, ugali tonge mbili za mwisho kama nafasi ipo. Hunywi maji na chakula, unasubiri nusu saa. Kufunga Ramadhani miezi ya mwanzo haiwezekani, mtu anayekunywa kwa kijiko hawezi kufidia maji ya siku nzima kati ya magharibi na daku, na baadae pia aulize daktari wake kwanza. Kwenye shughuli utapata tabu zaidi na watu kuliko na chakula, mwenye sherehe ataona umeidharau pilau yake.

Na hizi sindano za kisasa je? Semaglutaidi na tirzepataidi zimetokana na elimu ileile ya homoni za utumbo, semaglutaidi inaiga GLP-1, tirzepataidi inaongeza na homoni ya pili. Kwenye majaribio semaglutaidi ilishusha uzito wastani wa asilimia 15 kwa wiki 68, tirzepataidi kwa dozi kubwa karibu asilimia 21 kwa wiki 72, imeanza kusogelea slivu kabisa. Ukiacha kuchoma sindano, kilo zinarudi, kwa hiyo nazo ni za muda mrefu, na kwa bei za sasa kwa mtu wa BMI 45 opresheni moja inaweza kuwa rahisi kuliko miaka kumi ya sindano. Vituo vingi sasa vinachanganya, sindano kwanza ashuke ndo apasuliwe, au amepasuliwa, baada ya miaka kilo kadhaa zimerudi, jambo ambalo ni la kawaida, basi anapewa sindano badala ya kupasuliwa tena.

Nimalizie na wadada maana ndo wengi wanaopasuliwa. Unene mkubwa huwa unavuruga mayai, kwa hiyo yule aliyekaa miaka hajashika mimba anaweza kushika ghafla baada ya miezi michache tu ya kupungua, na hiyo ni mapema mno, inashauriwa kusubiri mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu kwa sababu mwili bado unajila wenyewe. Vidonge vya uzazi kwa mwenye baipasi siyo vya kuaminika, kijiti au kitanzi ni salama zaidi. Baada ya hapo mimba inaruhusiwa vizuri tu, na kisukari cha mimba kinapungua, ingawa mtoto ana uwezekano zaidi wa kuzaliwa mdogo. Kliniki ya wajawazito waambie siku ya kwanza, na wakitaka kukupima sukari kwa kukunywesha yale maji ya glukosi wakatalie kwa adabu uombe wakupime njia nyingine, maana kwa mwenye baipasi kile kikombe kinaweza kumlaza palepale kwenye benchi.